Jitu la Thadeus

Mwaka wa tisini na sita, mwanamume mwenye nguvu kuliko wote mjini Voi alikuwa na kilo hamsini na mbili, na hapo umempima akiwa na viatu vyake na pasi ya makaa mkononi!

Jina lake Thadeus, fundi cherehani wa mtaa wa Kaloleni. Kibanda chake kilikuwa ukuta kwa ukuta na kibanda changu cha kinyozi, kwa hiyo haya ninayosimulia nimeyaona kwa macho, na yale ambayo sikuyaona niliyasikia kupitia mbao. Alikuwa mwembamba kiasi kwamba akijishonea shati, kitambaa kilichobaki kilimtosha mtu mwingine. Utotoni, huko milimani Taita, walimwita Kijiti, na jina hilo likamfuata hadi Voi kama mbwa asiyefukuzika.

Lakini mwaka huo ungesimama njiani uulize, "Jabali yuko wapi?" watu wangekuelekeza kwa Thadeus bila hata kucheka.

Mambo yote yalianzia kwa Hanif.

Hanif, mtu wa pwani mwenye kofia safi na subira nyingi, alikuwa na duka la kukodisha kanda za video. Shemeji yake alimletea kutoka Mombasa mashine ya gemu ya kuunganisha na televisheni, pamoja na kaseti moja tu, ya watu kupigana. Moja! Lakini hiyo moja ilitosha kuwafanya watu wazima, wenye wake na madeni, wasahau kurudi kazini.

Kaseti yenyewe ilikuwa ya Kijapani mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyejua wale wapiganaji waliitwaje kwao. Tulikaa nao siku mbili tatu, tukawasoma tabia, kisha tukawabatiza wenyewe. Nathubutu kusema kwamba walioitengeneza wangeyasikia majina yetu wangeyatupa yao.

Kulikuwa na Hedimasta, mwenye miwani na fimbo. Huyo hakupigi, anakungoja ukosee. Alipendwa sana na Dominic, mwalimu wa shule ya msingi, aliyedai kwamba huo ndio ualimu wenyewe. Kulikuwa na Mama Leso, aliyejifunga leso kiunoni na kupiga kwa kisigino. Hana haraka, hana maneno, lakini akiinua mguu, wewe anza kusali! Kulikuwa na Chura. Chura alikuwa wangu. Walisema hana nguvu. Sawa! Lakini ni nani mwingine angeweza kumruka adui mara ishirini bila kumgusa wala kuguswa, mpaka muda ukaisha na wote wawili wakiwa wazima? Mimi ni mtu wa amani, na Chura alinielewa.

Halafu kulikuwa na Babu Kikohozi. Mzee wa ndevu mpaka magotini, ambaye ilikuwa lazima akohoe mara tatu kabla ya kurusha ngumi moja. Alipomaliza kukohoa, ulikuwa umeshamuua. Huyo hakupendwa na mtu.

Na juu yao wote, Jabali! Kifua kama mlango wa godauni. Shingo hana. Akitembea, televisheni nzima inatetemeka. Ngumi yake moja inakula robo ya uhai wako, na akishinda anajipiga kifua na kunguruma hadi mbwa wa jirani wanamjibu. Thadeus alipomwona mara ya kwanza, alisimama mlangoni na uzi mdomoni, akasahau kuutoa.

"Huyo," akasema, "ndiye mimi."

Hatukucheka sana. Kila mmoja wetu mle ndani alikuwa amempenda yule aliyekuwa na kitu ambacho kioo cha nyumbani kilimnyima.

Sasa, chumba cha Hanif kilikuwa na sheria. Ukishamchagua mpiganaji wako mbele ya mashahidi, ni wako. Mwingine hamgusi bila ruhusa yako, na jina lake linakuwa jina lako mtaani. Mwalimu Dominic aliitwa Hedimasta hata na hedimasta wake. Mimi mpaka leo nina wateja wanaosema wamenyolewa na Chura. Na mtu akitaka kukunyang'anya mpiganaji wako, anakuita mchezo wa raundi tatu. Akikushinda, anamchukua mpiganaji pamoja na jina, nawe unapewa Babu Kikohozi. Huo ulikuwa msiba mkubwa kuliko kufukuzwa nyumba.

Kwa hiyo kila Thadeus alipokaa kwenye mkeka na kushika padi, ile ya kubonyezea, lililokaa hatarini lilikuwa jina lake. Na kucheza kwenyewe alikuwa hajui! Alibonyeza vitufe vyote kwa pamoja, huku mguu ukikanyaga hewa kama yuko kwenye cherehani. Macho hayakuangalia televisheni hata kidogo. Yalituangalia sisi, kuhakikisha kwamba tunamwona. Ila Jabali alikuwa na nguvu za kutosha kushinda hata namna hiyo.

Siku moja nikamwambia ukweli. "Thadeus, wewe unashinda kwa sababu ya ukubwa wa hilo jitu. Nipe mimi Jabali uone."

Akasimama. Thadeus hakuweza kutoa hotuba akiwa amekaa.

"Chura, nisikize vizuri. Mchoro ni mchoro tu! Ushawahi kuona mchoro ukipiga mtu? Kinachopiga ni vidole!" Akainua vidole vyake kumi, vyote vimejaa alama za sindano. "Nipeni hata Babu Kikohozi, nitawachapa nyote. Hedimasta, andika hiyo!"

Na mwalimu Dominic, ambaye hatembei bila chaki mfukoni, akaiandika ukutani juu ya televisheni kwa mwandiko wa ubaoni: KINACHOPIGA NI VIDOLE. Hanif akaguna kuhusu ukuta wake, lakini hakufuta.

Ilipofika mwezi wa nane, umaarufu ulikuwa umeshampanda Thadeus kichwani na kufunga mlango. Alimwajiri Silvanus, mchoraji wa mabango, amwandikie mbele ya kibanda JABALI TAILORING, kwa herufi za urefu wa mkono, rangi nyekundu ya mafuta.

"Kijiti amekufa," aliniambia asubuhi Silvanus alipoegemeza ngazi. "Watoto wangu watasoma hapo juu, wajue baba yao alikuwa nani."

Nilitaka kumtania nikajizuia, nikarudi kunoa wembe. Mtu ameitwa Kijiti miaka thelathini, akipata jina lenye kifua utamwambia nini?

Siku hiyohiyo, saa tisa alasiri, akaingia Wanza kwa Hanif.

Wanza alikuwa Mkamba, muuza ndizi sokoni. Kila wiki alizifuata Mboghoni, kule Taveta, na kuzishusha Voi yeye mwenyewe, mkungu begani, bila kumwomba mwanamume msaada. Mikono mipana, sauti ndogo. Jua lilikuwa limemchosha, akaingia kutafuta kivuli. Akaketi kwenye benchi kando yangu, akatazama Thadeus akimtandika Hedimasta wa mwalimu Dominic.

"Huyu mama wa leso," akaniuliza, "ni wa nani?"

"Hana mwenyewe," akajibu Hanif. "Wanaume hawa wamwonea haya."

"Mimi nimempenda. Hiyo leso ameifunga vile mimi hufunga nikibeba mkungu. Na hiyo kisigino! Ningekuwa nayo Jumanne soko ikijaa, watu wangepanga laini."

Thadeus akageuka na kicheko. "Mama, hapa sio soko. Hapa wanacheza watu walio na majina."

"Wewe jina lako nani?"

"Jabali!"

Wanza akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni. Safari yenyewe ilikuwa fupi.

"Jabali," akasema kwa huruma, "leo umekula?"

Chumba kiliporomoka! Mwalimu Dominic alivua miwani afute machozi. Hanif alijifanya anakohoa. Thadeus alibaki amesimama katikati, masikio yamemwiva.

"Shika padi!" akafoka. "Raundi tatu! Ukinipiga, Jabali chukua, jina chukua, na mimi niitwe Kikohozi mpaka nife!"

"Na ukinipiga wewe?"

Hilo hakuwa amelifikiria. "Utatangaza sokoni, mbele ya watu wote, kwamba umechapwa na Jabali."

"Sawa, kaka," Wanza akasema, akajifunga leso vizuri, akakaa kwenye mkeka.

Nikamvuta Thadeus shati. "Wewe, bango halijakauka!"

"Litakauka nikishinda," akaninong'oneza. "Huyu hajui hata kitufe cha kuruka."

Na kweli hakujua. Raundi ya kwanza ilikuwa mauaji. Wanza alikuwa akimuuliza Hanif, "Hiki ni cha nini? Na hiki?" huku Mama Leso akirushwa huku na huku kama godoro la mhamaji. Thadeus alishinda, akasimama, akatoa hotuba, akaketi.

Lakini wale wanaouliza, ndugu yangu, waogope. Raundi ya pili, Wanza hakuuliza kitu. Jabali alipokuja na ngumi yake, Mama Leso akainama, ngumi ikapita juu. Akainuka na kisigino! Jabali akaja tena, akainama tena, kisigino! Mara ya tano lile jitu likaanguka chali, televisheni ikatikisika, na Thadeus, ambaye alikuwa akituangalia sisi, akasoma habari hiyo kwenye nyuso zetu.

Sasa walikuwa sare, moja kwa moja. Raundi iliyobaki ndiyo yenye jina.

Wakabonyeza kuanza raundi ya tatu, na hapo hapo adhana ya alasiri ikalia.

Hanif hakuwa na mjadala katika jambo hilo. Alibonyeza kitufe cha kusimamisha, Jabali na Mama Leso wakaganda wakitazamana. Kisha akazichomoa padi zote mbili kwenye mashine, akazitia kwenye mkebe wa biskuti, akauweka mkebe kwapani akaenda nao msikitini. Mkebe huo ulikuwa na historia. Zamani aliziacha padi palepale, mpaka siku moja aliporudi mapema na kumkuta Thadeus peke yake gizani, akifanya mazoezi. Tangu hapo zikawa zinakwenda kuswali pamoja naye.

Tukangoja. Wanza alikula ndizi. Thadeus alitoka nje akasimama chini ya ngazi ya Silvanus. JABALI ilikuwa imeshakamilika, nyekundu, inang'aa juani. Nilimwona akiitazama, midomo inasoma herufi moja moja. Alikuwa anaogopa. Nilimjua siku nyingi na sikuwahi kumwona hivyo.

"Nianze TAILORING, ama tungoje?" Silvanus akauliza kutoka juu. Habari ilikuwa imemfikia.

Thadeus akaishika ngazi. "Anza! Na uharakishe!"

Hanif alirudi, akainama nyuma ya televisheni ambako hata mchana ni usiku, akapapasa, akachomeka. Akampa Thadeus padi yake, ile aliyoifunga uzi mwekundu ili isichanganyike, na Wanza akampa yake.

"Haya, malizeni kwa salama," akasema, akaachilia mchezo.

Sasa sikilizeni raundi ya tatu ilivyokuwa.

Jabali alirudi nyuma! Kwa mara ya kwanza tangu kaseti ile ifike Voi, Jabali alirudi nyuma hatua moja na kungoja. Tukatazamana. Kisha akachuchumaa. Jabali! Kuchuchumaa! Akajikinga kwa mkono mmoja, kwa utulivu, kama mtu anayezuia mvua.

Na Mama Leso ndiye aliyepata wazimu. Aliruka palepale alipo. Alipiga teke hewani. Alimpa adui mgongo, akakimbilia pembeni, akaanza kuutandika ukuta kwa ngumi na visigino.

"Mama wa watu," mwalimu Dominic akasikitika, "hofu imemshika."

Thadeus alikuwa anashona hewa kwa mguu, vidole vinamwagika, macho kwetu. "Mnaona? Mnaona?"

"Tunaona!" tukaitikia. Tungesema nini? Tulikuwa tunaona.

Jabali akamfuata Mama Leso ukutani bila haraka. Akamnyanyua, akamzungusha, akamlaza chini vizuri kama mkungu unaoshushwa kwenye lori. Akamnyanyua tena. Mara ya tatu Mama Leso hakuamka. Jabali akajipiga kifua, akanguruma, mbwa wa jirani wakamjibu.

Thadeus alipanda juu ya benchi!

"Mliona nilivyorudi nyuma? Huo ni mtego! Mliona nilivyochuchumaa? Hiyo nilikuwa nimewaficha miezi yote! Sasa huyo Mama Leso..." Akashika mbavu kwa kicheko. "Aki mlimwona? Anapigana na ukuta! Adui yuko huku, yeye anaenda kule! Nimeona wachezaji wabaya hapa, nimeona Chura hapa, lakini mtu mbaya kama huyo aliyekuwa anamchezesha Mama Leso, sijawahi kuona tangu nizaliwe! Huyo mtu akatafute jembe!"

Wanza alimsikiliza mpaka mwisho. Akaweka padi chini kwa adabu.

"Pole, kaka," akasema.

"Pole ya nini? Si nimeshinda?"

"Kwani hatukubadilisha magoli?"

"Magoli gani?"

"Si baada ya mapumziko timu hubadilisha upande? Ndugu yangu hucheza mpira. Sasa tuliporudi, nikibonyeza hapa naona jitu ndilo linatembea, huyu mama anaenda na wewe. Nikasema, basi, hiyo ndiyo sheria yao, tumebadilishana. Ila nilishangaa. Nikajiuliza, mbona kaka anapiga ukuta?"

Sote tukageuka kumtazama Hanif.

Hanif akainama nyuma ya televisheni. Alikaa huko muda mrefu. Alipoinuka, kofia ilikuwa na utando wa buibui.

"Subhanallah. Nimezipishanisha. Hii imeingia huku, na ile kule. Ewe Thadeus, hebu bonyeza ruka."

Akaanzisha raundi mpya ya majaribio. Thadeus, bado juu ya benchi, akabonyeza. Tukamngoja Jabali aruke. Jabali alisimama imara. Aliyeruka ni Mama Leso.

Akabonyeza tena. Mama Leso akaruka tena, leso ikipepea.

"Lakini..." Thadeus akateremka polepole. "Lakini Jabali ndiye ameshinda! Mmeona wenyewe! Jabali ni wangu, na Jabali ameshinda! Mimi sijashindwa!"

Lazima niseme ukweli, hoja hiyo ilitutikisa. Hanif alikuna kidevu. Mimi nilianza kuona njia ya kumwokoa jirani yangu, nikafungua mdomo.

Mwalimu Dominic akanitangulia. Alivaa miwani, akasogea mbele, akaelekeza kidole ukutani juu ya televisheni. Nasi, kwa mazoea mabaya ya shule, tukasoma kwa sauti, wote kwa pamoja:

"KINACHOPIGA NI VIDOLE!"

"Maneno ya nani?" mwalimu akauliza.

Thadeus akavitazama vidole vyake. Akaketi mkekani. Alionekana mdogo kuliko alivyokuwa, na hapakuwa na pa kupunguza. Nilimwonea huruma sana, wallahi, hata kama alikuwa ametaja Chura.

Wanza akachukua ndizi moja kwenye kikapu chake, akammenyea.

"Kula," akasema kwa upole. "Kula, Kikohozi."

Ndipo Thadeus akakumbuka bango! Akatoka mbio na ndizi mkononi, sisi nyuma yake. Tulichelewa. Silvanus, mtu ambaye alitumia siku mbili kuandika HOTELI, siku hiyo kwa mara ya kwanza maishani alikuwa ameharakisha. JABALI TAILORING, kamili, hata na kistari chini. Alikuwa anaosha brashi.

"Futa!" Thadeus akalia. "Futa hiyo ya kwanza!"

"Rangi ya mafuta hii. Mimi sifuti," Silvanus akasema. "Mimi huongeza."

Kukawa na mkutano palepale chini ya ngazi. Mwalimu Dominic alishikilia kwamba jina sasa ni la Wanza na umma usidanganywe. Wanza mwenyewe alisema yeye hana shida, waache tu, lakini sheria ni sheria. Mwishowe Silvanus alipanda tena, na chini ya zile herufi kubwa akaongeza nyingine ndogo, ambazo nimezisoma kila asubuhi nikifungua kibanda: *Jabali mwenyewe yuko sokoni, anauza ndizi. Hapa fundi ni Kikohozi.*

Wiki nzima Thadeus hakuongea na mtu. Wiki ya pili akarudi kwa Hanif, akakaa kwenye mkeka, akamchukua mzee wake wa ndevu. Alishindwa na kila mtu. Alishindwa na Chura! Wiki ya tatu nikamsikia kupitia mbao akimweleza mteja, sauti imeshapanda ngazi: "Watu hawamjui Babu Kikohozi. Nguvu zake ziko kwenye pumzi! Akikohoa ile ya tatu, hata Jabali anajiuliza!"

Nikacheka peke yangu, wembe mkononi. Lakini nitampa haki yake. Kijiti alikufa kweli siku ile. Hakuna mtu Voi anayelikumbuka jina hilo tena.

Na wewe ukipita Kaloleni unataka suruali ipunguzwe, usijisumbue kupiga hodi kwenye kile kibanda chenye maandishi mekundu. Simama mlangoni ukohoe mara tatu. Atatoka.